Sindano ya Khalid

Khalid Mwinjuma hakuwa daktari. Hata damu ya kuku ilimtia kichefuchefu. Lakini hosteli nzima ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni Guangzhou, Watanzania, Wakenya, mpaka Mrundi wa ghorofa ya sita, walimwita Daktari, naye alikuwa akiitika bila haya hata kidogo. Jina lilitokana na sindano, na sindano yenyewe haikuwa na dawa wala ncha.

Mambo yalianza Januari. Kampuni iliyoleta intaneti hosteli, ileile ya laini zao za simu, ilianza vituko. Tovuti za Wachina zinafunguka vizuri tu, lakini ukiandika jina la tovuti ya Mfuko wa Wasomi, ule wa nyumbani unaowasomesha, unajibiwa kwamba hakuna kitu cha jina hilo. Ebo! Hakipo vipi, na watu wanasomeshwa nacho? Wakapiga simu kwa kampuni, wakaambiwa wasubiri. Wakapiga tena, dada wa huduma akawaambia "meiyou, meiyou", hakuna tatizo, hakuna, kisha akakata.

Khalid alikuwa anasomea shahada ya pili ya mitandao, kwa hiyo ugonjwa aliujua mara moja. Kila tovuti ina jina, ambalo ni la watu, na ina namba, ambayo ni ya mashine. Ukiandika jina, kompyuta yako inaiuliza kampuni ya intaneti: huyu anakaa namba ngapi? Kampuni inapekua orodha yake, inakujibu. Sasa orodha ya kampuni hii ilikuwa imeharibika, na majina ya kwetu ndiyo yaliyopotea. Basi Khalid akampigia binamu yake Tanga, akamwomba aitafute hiyo namba akiwa hukohuko, akasomewa tarakimu moja moja. Halafu akafungua faili moja dogo lililojificha ndani ya kompyuta, ambalo kompyuta hulisoma kwanza kabla ya kumuuliza mtu yeyote nje, akaandika humo mstari mmoja tu: jina hili, namba hii. Tovuti ikafunguka hapohapo.

Hee, watu walivyompokea! Ungedhani ameleta mvua. Kila jioni foleni mlangoni kwake, kila mtu na kompyuta yake kwapani.

"Daktari, nichome na mimi."

"Kaa hapo. Haiumi." Anaandika mstari wake, anafunga faili. "Haya, umepona. Jina la nini wakati namba ninayo?"

Malipo yalikuwa chapati, maandazi, au sahani ya pilau siku za sikukuu. Alichoma sindano kumi na nne. Akanenepa kidogo, akawa na maneno mengi, na ukimwambia neno la mitandao anakukatiza kabla hujamaliza. Kijana mzuri, lakini sifa zilimkolea.

Mmoja wa wale kumi na wanne alikuwa Yohane Mwakalinga wa Tukuyu, aliyelala chumba kimoja na Khalid kwa miaka miwili. Yohane alikuwa mpole, msahaulifu wa funguo na miavuli, lakini kichwani yumo. Mwezi wa tatu alituma maombi ya kuongezewa mwaka wa mwisho wa ufadhili. Mfuko ulikuwa na utaratibu wake: ukishatuma, ukurasa unakushukuru, na ndani ya siku kumi unaletewa barua pepe yenye namba yako ya maombi. Siku kumi zikapita, barua haikuja. Yohane akauliza. Akajibiwa sentensi mbili kavu: Hakuna maombi kwa jina lako. Dirisha limefungwa.

"Mimi nilituma," Yohane akasema. "Ukurasa ulinishukuru."

"Ukurasa gani uliokushukuru, ndugu yangu?" Khalid akacheka mbele ya watu, ukumbini, watu wanakula. "Wewe juzi umesahau viatu msikitini kwetu, na wala si Mwislamu! Kitufe cha mwisho hukukibonyeza. Sema tu ukweli yaishe."

Ukumbi mzima ulicheka. Yohane aliapa, akaapa tena. Mwezi wa nne kibali chake cha kukaa kikaisha, akafunga begi, akarudi nyumbani bila shahada. Tangu hapo hosteli ilipata msemo mpya. Mtu akisahau jambo, anaambiwa: umefanya Yohane.

Ndiyo maana Imelda Komba alikuwa na hofu. Imelda ni wa Songea, anasomea uhandisi wa maji, na alibakiza mwaka mmoja tu. Vichujio vyake vya maji vilikuwa vimepangwa maabara kama mitungi ya harusi, miaka mitatu ya kazi, na asipopata barua ya Mfuko chuo hakitamwongezea kibali. Atarudi mikono mitupu. Dirisha la safari hii lilikuwa linafungwa tarehe kumi na tano Juni, saa sita mchana ya nyumbani, yaani saa kumi na moja jioni ya Guangzhou. Imelda hakungoja siku hiyo. Alituma siku nane kabla, tena alimwita Khalid asimame nyuma yake awe shahidi.

"Angalia vizuri, kaka Khalid. Nabonyeza. Umeona?"

"Nimeona."

"Imeandika nini?"

"Ahsante, maombi yako yamepokelewa. Basi tulia. Wewe si Yohane."

Tarehe kumi na tano yenyewe, saa tisa na nusu alasiri, Khalid alikuwa kitandani anakula tikitimaji chini ya feni, hana wasiwasi na mtu. Simu ikalia. Imelda. Alikuwa Shisanhang, kwenye soko la nguo za jumla, anamtafsiria Mama Odette, mfanyabiashara wa Bukavu aliyekuja kuchukua mzigo wa magauni.

"Khalid, ile tovuti imefunguka kwenye simu yangu."

"Bila sindano? Basi kampuni wametengeneza orodha yao. Alhamdulillahi! Ilikuwa lini tena, miezi mitano..."

"Nisikilize. Nilikuwa nangoja laoban, mwenye duka, apige hesabu zake, nikasema ngoja nijaribu tu. Imefunguka. Kuna sehemu ya kutafuta maombi yako kwa namba ya pasipoti. Nimetafuta." Sauti yake ikakatika. "Inasema hakuna."

"Umekosea tarakimu."

"Nimeandika mara nne, Khalid. Mara nne! Hakuna."

Khalid akaketi. Tikitimaji likamdondokea shukani, hata hakuliona. "Haiwezekani. Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu."

"Basi macho yako yaambie yanitafutie maombi yangu, maana saa kumi na moja wanafunga!"

Nyuma yake sauti ya Mama Odette ikasikika, Kiswahili chenye Kifaransa: "Weye Imelda, uko na nini? Mais sema, mtoto yangu!" Halafu vurugu za soko, mikokoteni, watu wanapigiana kelele za kupisha.

Kutoka Shisanhang mpaka chuoni, saa ile ya foleni, huchukui chini ya saa moja na nusu. Maombi yenyewe, barua ya profesa yenye muhuri, ripoti ya kurasa arobaini, vyote vilikuwa kwenye kompyuta ya Imelda, na kompyuta iko chumbani kwake, na bweni la wasichana mwanamume haingii hata kwa dawa. Khalid alishuka ngazi na ndala, shati halijafungwa vifungo, akakimbia mpaka getini huku anampigia Nyokabi, Mkenya aliyekaa chumba kimoja na Imelda. Nyokabi akateremka na kompyuta na chaja.

"Kuna nini? Umetoka mbio hivyo, ni nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Bado."

Wakakaa palepale kwenye ngazi za bweni. Mama mlinzi wa Kichina akawatazama kupitia kioo, akamwonyesha Khalid kidole: usipite hapo. Khalid akamtikisia kichwa, hapiti. Saa kumi kasoro dakika tano. Akamweka Imelda kwenye spika, akafungua tovuti ya Mfuko, akaanza kujaza upya. Jina, pasipoti, chuo, mwaka. Imelda anasoma, yeye anaandika, Nyokabi anakagua kila tarakimu kwa kidole. Wakapandisha barua ya profesa. Wakapandisha ripoti. Intaneti ikawa nzito, mstari wa kupandisha unatambaa, Nyokabi anaomba Mungu kwa Kikikuyu. Saa kumi na dakika ishirini na mbili, Khalid akabonyeza.

Ahsante, maombi yako yamepokelewa.

"Imeenda!" Khalid akaruka. Nyokabi akapiga kelele mpaka mama mlinzi akatoka nje. "Imelda, imeenda! Tafuta sasa!"

Soko likasikika peke yake.

"Hakuna," Imelda akasema.

"Subiri kidogo. Labda inachelewa."

"Khalid, hakuna. Naona imeandikwa hapa juu, hakuna maombi kwa namba hii. Rangi ya kijani, nembo mpya, na maneno hakuna."

"Kijani?" Nyokabi akainama kwenye kompyuta. "Mbona hii hapa ni ya bluu?"

Khalid akamwomba Imelda apige picha ya ukurasa, amtumie. Ikafika. Akaiweka simu yake kando ya kompyuta, akatazama huku, akatazama kule. Ukurasa wa simu ulikuwa wa kijani, una sehemu ya kutafuta maombi, na juu kabisa una tangazo jekundu: Tangu Februari tumehamia mtambo mpya. Ukurasa wa kompyuta ulikuwa ule wa siku zote, wa bluu, hauna tangazo lolote. Jina ni lilelile juu ya kurasa zote mbili, herufi kwa herufi.

Hapo Khalid akaelewa. Mfuko umehama. Wamechukua jina, wameenda nalo kwenye namba mpya, na nyumba ya zamani wameiacha wazi, taa zinawaka, mlango haujafungwa, hakuna mtu ndani. Dunia nzima inauliza jina na kuelekezwa kwenye nyumba mpya. Isipokuwa kompyuta kumi na nne za hosteli hii, ambazo haziulizi mtu, kwa sababu Daktari Khalid alizichoma namba ya zamani na kuziambia zisiulize. Kila fomu iliyojazwa humo ilipokelewa na mashine iliyotelekezwa, ikashukuru vizuri kama ilivyofundishwa, na haikumpelekea mtu yeyote.

Na alifundishwa! Profesa wake aliwaambia darasani, mwaka wa kwanza, kwamba mstari ule ni wa dharura, ukishavuka dharura ufute, maana namba huhama na mstari hauna habari. Khalid aliandika maneno hayo kwenye daftari lake. Aliyapigia mstari chini, kwa kalamu nyekundu, mjinga mkubwa.

"Khalid!" Nyokabi akamtikisa bega. "Umekuwa jiwe? Fanya kitu!"

"Ni mimi," Khalid akasema.

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyempotezea Imelda maombi. Ni sindano yangu."

Imelda alisikia kwenye spika. Hakulia, hakutukana. Alisema polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliyeshika kisu: "Kaka Khalid, itoe sasa hivi. Kujilaumu utajilaumu baadaye. Ni saa kumi na nusu."

Akaitoa. Akakosea nywila ya kufungulia lile faili mara mbili, Imelda akamtajia tena. Akafuta mstari, akahifadhi, akafunga kila kitu, akafungua upya. Akaandika jina. Ukurasa ukaja wa kijani.

Wakaanza tena. Lakini fomu ya kijani haikuwa ile ya bluu. Ilitaka mambo mapya: picha, jina la mdhamini, na barua ya profesa isizidi ukubwa fulani. Barua ya Imelda ilizidi. Khalid akaipunguza, muhuri ukawa ukungu, akaipunguza kwa njia nyingine, ukasomeka. Picha Imelda akapigwa na Mama Odette palepale Shisanhang, ukuta mweupe haupo, wakasimama mbele ya shuka jeupe lililokuwa likiuzwa, mwenye duka anang'aka kwa Kichina, Mama Odette anamjibu kwa Kifaransa na kila mmoja amemwelewa mwenzake vizuri kabisa. Picha ikafika saa kumi na dakika arobaini na tisa. Macho ya Imelda yalikuwa mekundu, lakini uso umenyooka. Saa kumi na dakika hamsini na nne Khalid akabonyeza.

Safari hii ukurasa haukushukuru. Uliandika: Ingiza tarakimu sita tulizotuma kwenye barua pepe yako.

"Imelda, barua pepe! Haraka!"

"Sijaona... haijaja... ngoja. Imekuja! Nane, sifuri, tatu, tatu, moja, sita."

Akaandika. Akabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka, jamani lile duara lilizunguka, Nyokabi ameuma kanga yake kwa meno. Kisha ikatokea namba ndefu ya maombi, na chini yake jina kamili: Imelda Gaudensia Komba. Saa kumi na dakika hamsini na saba.

"Ninayo!" Imelda akapiga kelele kule sokoni. "Barua imekuja, ina namba! Mama Odette, iko hapa!" Mama Odette akapiga vigelegele, na sauti za Kichina zikauliza kuna harusi gani. Nyokabi alimkumbatia Khalid, akamkumbatia na mama mlinzi, ambaye hakujua lolote lakini alicheka.

Khalid hakucheka. Alibaki ameketi kwenye ngazi, ameishika kompyuta magotini.

"Wewe vipi?" Nyokabi akamuuliza. "Tumeshinda, bana. Si uchangamke?"

"Wamehama Februari," Khalid akasema.

"Ndiyo, na leo tumewapata."

"Februari, Nyokabi. Yohane alituma mwezi wa tatu."

Nyokabi alitoa mkono wake begani kwa Khalid. Na yeye alicheka siku ile ukumbini. Na yeye juzijuzi tu alimwambia mtu: umefanya Yohane. Akaketi ngazi ya chini.

Khalid aliitafuta namba ya Yohane kwenye simu. Hakuwa amempigia tangu mwezi wa nne, kila siku akisema kesho. Alitamani isipokelewe. Ikapokelewa mlio wa pili.

"Daktari!" Yohane alifurahi kweli, ndiyo sauti yake ileile. "Umenikumbuka leo? Nilidhani mmeshanisahau. Hosteli hawajambo? Imelda ametuma? Mwambie ahakikishe amebonyeza kitufe cha mwisho, asije akawa kama mimi."

Khalid akaifunga kompyuta.

"Yohane, ulibonyeza."

"Nini?"

Akamweleza. Hakujitetea, hakuitaja kampuni ya intaneti wala Mfuko uliohama bila kufunga mlango. Alimwambia: mstari niliuandika mimi, sikuufuta mimi, fomu yako ilikwenda kwenye mashine ambayo haina mtu, na mimi ndiye niliyekucheka. Aliposema neno la mwisho alitaka Yohane amtukane. Angetukanwa angepumua.

Kwa mbali jogoo aliwika upande wa Yohane, na mtu alikuwa anaosha vyombo.

"Unajua," Yohane akasema mwishowe, "nilipofika nyumbani mama aliniuliza. Nikamwambia nilituma. Akasema, mwanangu, wenzako wote wanasema hukutuma, kwa nini hutaki kusema kweli? Kila siku ananiuliza hivyo. Kanisani ananiombea niache uongo. Mwezi mzima. Mwisho nikachoka, Khalid. Nikamwambia, kweli mama, sikutuma, nisamehe. Akanisamehe." Akavuta pumzi. "Na mimi mwenyewe nikaanza kuona hivyo. Nafumba macho najaribu kukumbuka kile kidole kikibonyeza, sikioni tena. Nilisema basi, labda ni kweli, mimi ndivyo nilivyo."

"Yohane, ndugu yangu, nitaandika Mfuko. Leo hii. Nitawaeleza kila kitu, ile mashine ya zamani lazima bado ina fomu yako na tarehe yake, watakufungulia..."

"Utaandika, sawa. Andika." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Khalid kuliko yote. "Lakini hilo ni la baadaye. Mama yuko hapa uani. Nampa simu."

"Yohane, ngoja kwanza..."

Hakungojewa. Simu ilipita mikononi, maji yakakatika, mikono ikafutwa kwenye nguo, kisha sauti ya mwanamke mtu mzima ikamfikia sikioni, ya upole, yenye mashaka kidogo.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Khalid akasimama pale kwenye ngazi, kama vile mama yule anamwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Khalid, mama, wa China. Niliyekaa chumba kimoja na Yohane." Machozi yalikuwa yanamtoka, akayaacha. "Mama, Yohane alituma."